Mtoto Amepotea Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikuwa mtendaji wa mtaa hapa Kigoma Ujiji, na tangu nistaafu simu yangu haijapoa. Anayepiga huanza na neno lilelile: "Amepotea." Ni neno pole mno. Halisemi nani kafanya. Ndani yake anaingia mtoto aliyefuata ngoma ya harusi akashindwa kurudi, mtoto aliyenyakuliwa, binti aliyepelekwa kazini kwa ahadi ya cherehani, na kijana aliyeondoka kwa miguu yake bila kuaga. Hao wanne hawatafutwi kwa njia moja. Nimeona siku nzima zikiteketea kwa sababu familia inamtafuta mmoja kwa njia ya mwingine.

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa tena na tena, kuanzia saa za mwanzo hadi miaka inapopita. Kama mtoto wako haonekani sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la 2.

## Saa za mwanzo

1. Ni kweli lazima nisubiri saa 24 kabla ya kuripoti polisi?

Si kweli. Hakuna sheria ya Tanzania inayomwambia mzazi asubiri saa 24. Kwa mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, unaripoti pale unapoona hali si ya kawaida. Hata kama ni saa moja tu imepita.

Fikiria mji wetu ulivyo. Mtoto asiyeonekana kwa saa mbili bado yuko mtaani, labda Gungu, labda sokoni Mwanga. Mtoto wa saa 24 anaweza kuwa ameshafika Tabora kwa basi au kwa treni, au ameshavuka ziwa. Saa 24 za kusubiri ni saa 24 za kumpa nafasi aliyemchukua.

Ukikuta mtu wa zamu anakwambia "atarudi tu, kalale", usigombane naye. Omba kuonana na mkuu wa kituo, au uliza lilipo Dawati la Jinsia na Watoto. Mimi na mama mmoja tuliwahi kurudishwa mlangoni usiku wa saa nne, kituo sikitaji. Tulikaa palepale kwenye benchi tukapiga 116 (swali la 5), kisha tukaomba mkuu aitwe. Taarifa iliandikwa usiku uleule.

2. Nianze polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa?

Msiende wote sehemu moja. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi: ukoo mzima umejazana kituoni na nyumbani hakuna mtu, mtoto karudi kakuta mlango umefungwa, kaondoka tena. Gawaneni. Mmoja anabaki nyumbani na simu yenye chaji. Mmoja anakwenda kwa mwenyekiti au balozi. Mmoja, ikiwezekana mzazi mwenyewe, anakwenda polisi. Wenye miguu myepesi wanakwenda stendi, stesheni na mwaloni, pale boti na wavuvi wanapotia nanga.

Kabla ya hapo, kama mtoto yuko chini ya miaka mitano, pekueni nyumba. Uvunguni, ndani ya gari bovu, kwenye pipa la maji, kisima, shimo la choo ambalo halijafunikwa. Inauma kuyasema haya, lakini wadogo wengi wanaoitwa "waliopotea" huwa ndani ya mita hamsini kutoka mlangoni.

Na msisahau kipaza sauti cha msikiti. Ujiji misikiti ni mingi, na ukimwomba imamu kwa adabu atatangaza hata kama si wakati wa sala, kanisani vilevile. Kipaza sauti kimenirudishia watoto wengi kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuigonga muhuri.

3. Polisi wataniuliza nini?

Jina kamili na jina la nyumbani. Umri. Alivaa nini, ndala au viatu. Kovu, jino lililong'oka, chale, alama ya kuzaliwa. Anaongea lugha gani: watoto wa vijijini kwetu wapo wanaojua Kiha tu, na mtoto asiyejibu Kiswahili huko mbele ya safari huchukuliwa kuwa bubu. Nani alimwona mwisho, wapi, saa ngapi. Dawa anazotumia, kama ana kifafa au ugonjwa mwingine.

Peleka picha ya karibuni, si ya kipaimara cha miaka mitatu iliyopita. Beba cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti huna. Kukosa hati si sababu ya kutoandikiwa taarifa.

Kisha sema ukweli wa nyumbani. Kama jana alichapwa, sema. Kama baba na mama mmeachana na kila mmoja anamvuta kwake, sema. Askari unayemficha aibu yako hawezi kukusaidia kuliko anayeijua, maana aliyetoroka kipigo hakimbilii mahali pamoja na aliyeibwa.

4. RB ni nini, na inalipiwa?

Ni namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Ni bure. Iandike pembeni pa simu, kwenye daftari, na mpe ndugu mwingine, kwa sababu ndiyo utakayoitaja kila unaporudi na kila unapokwenda kituo kingine.

5. Namba 116 inasaidia nini?

Ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ya taifa zima, haitozi na inafanya kazi usiku na mchana. Anaweza kupiga mzazi, jirani au mtoto mwenyewe. Haina gari la doria. Kazi yake ni kuunganisha taarifa yako na afisa ustawi wa jamii na polisi wa mahali husika. Kwa dharura ya polisi kuna 112. Mfundishe mtoto namba hizo mbili pamoja na yako.

## Amekwenda wapi?

6. Kwa nini kila mtu ananituma stesheni na mwaloni?

Kwa sababu Kigoma ni mwisho wa reli na mwanzo wa maji. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo mtoto anayetaka kuondoka, au anayeondolewa, ana mlango huo. Behewa la daraja la tatu lina watu wengi, mizigo mingi, na hakuna anayeshangaa kuona mtoto kalala juu ya gunia. Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora: ndiyo njia. Kama treni imeshaondoka usikate tamaa. Mwombe mkuu wa stesheni apige simu kwa stesheni za mbele, na polisi wa reli waangalie mabehewa. Njia ya Mpanda huchepuka Kaliua, na Tabora ni njia panda ya Mwanza na Dar es Salaam, kwa hiyo kumkuta kabla hajabadilisha treni pale ni tofauti ya siku moja na mwaka mmoja.

Upande wa maji, boti za vijiji vya kaskazini hutoka Kibirizi. Zungumza na wapakiaji na mama wauza chakula. Hao huona kila anayepanda, nahodha huona injini yake tu. Mabasi yaulizwe alfajiri, ndipo mengi hutoka.

7. Kijana wangu wa miaka 14 ameondoka na "mjomba" kwenda kwenye tumbaku. Huyo kapotea au kaenda kazi?

Hili ndilo swali kubwa la mkoa wetu, na jibu langu huwaudhi watu.

Waha tuna historia ndefu ya kufuata kazi mbali. Babu zetu walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wengine hawakurudi, na nyumbani walisemwa vilevile: wamepotea. Leo mikonge imegeuka tumbaku ya Urambo na Kaliua. Zao hilo linataka mikono mingi: kutunza vitalu, kupanda mvua zikianza, kuvunja majani, kukata kuni na kukesha kwenye mabani ya kukaushia. Mtu wa kutafuta vibarua huja Kasulu au Buhigwe, hujiita mjomba au baba mdogo, huahidi baiskeli au simu mwisho wa msimu. Malipo mara nyingi husubiri tumbaku iuzwe. Kwa hiyo kijana aliyeondoka kabla ya mvua anaweza kukaa kimya miezi minane, na ukimya huo usiwe na maana ya kifo. Unaweza pia kuwa na maana ya mtu aliyekatazwa kuondoka.

Kisheria mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomnyima shule. Kazi ya hatari hairuhusiwi mpaka afikishe 18, na kukesha na moshi wa bani si kazi nyepesi hata kidogo. Aliyemchukua kwa udanganyifu ili akatumikishwe anaweza kuwa ametenda kosa la usafirishaji haramu wa binadamu, hata kama wewe mzazi ulipeana naye mkono. Najua wazazi wanaoogopa kuripoti kwa sababu walipokea kitu kidogo. Ripoti hivyohivyo.

Sasa namna ya kumpata. Usiulize "nani kamwona mwanangu?" Uliza jina la mkulima, na mkulima huyo anauza tumbaku yake kupitia chama gani cha msingi cha ushirika. Mkulima wa tumbaku hawezi kujificha kwa chama chake, maana pembejeo na malipo hupitia humo. Mwana wako hajulikani na mtu kule, lakini mkulima yumo kwenye daftari. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ya kule akipewa jina hilo na RB ya huku, kazi inakuwa na pa kuanzia.

8. Binti alichukuliwa kwenda kazi za ndani Dar, na sasa simu haipatikani.

Mantiki ni ileile ya swali la 7: tafuta kwanza aliyemchukua. Kuna dalali, kuna aliyemtambulisha dalali, na mara nyingi kuna jirani yako ambaye binti yake naye alipitia mkono huohuo. Kusanyeni majina pamoja kabla ya kwenda polisi, maana familia tatu zenye malalamiko dhidi ya mtu mmoja husikilizwa haraka kuliko moja.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ni ya mwaka 2008. Kwa mtoto, kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi.

9. Alikuwa akiogelea ziwani, au alikwenda na wavuvi usiku.

Mwone kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo huo, mara moja, kisha polisi. Wavuvi ndio wanaojua upepo ulivuma kutoka wapi na ulikuwa unasukuma wapi, na taarifa inaweza kupelekwa mialo ya jirani kwa simu. Usiruhusu vijana wapige mbizi usiku bila mpango. Nimezika wawili kwa kumtafuta mmoja.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Halirudishi kila linachochukua. Lakini pia si kila asiyerudi kutoka mwaloni kazama: wavulana huhamia kambi za wavuvi za kusini, Uvinza kuelekea Katavi, wakakaa huko msimu mzima wakianika dagaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wapo waliorudi nyumbani kwa sababu tu kambi zilikosa kazi. Kwa hiyo ndala zilizokutwa ufukweni zisiwafanye muache kuuliza kambi hizo.

10. Mtoto wangu ana ualbino. Kuna tofauti?

Ipo, na kubwa. Usimalize hata kuusoma ukurasa huu. Piga 112, paza sauti, funga njia.

Tangu miaka ya 2006 na 2007 ukanda wetu wa ziwa na magharibi umeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani ya utajiri. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne alinyakuliwa usiku nyumbani kwao Kwimba, Mwanza, na hajapatikana. Mei 2024 mwingine, wa miaka miwili, alichukuliwa Muleba, Kagera, akakutwa ameuawa, na miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo watu wa karibu naye. Ndiyo maana shule ya Kabanga kule Kasulu iligeuka kimbilio la watoto waliotolewa makwao. Ukaribu si kinga. Wakati wa kutoa maelezo polisi, taja kila aliyeulizia habari za mtoto siku za karibuni, hata kama ni shemeji.

11. Je, kuna gari jeusi linalozunguka kuiba watoto?

Kila baada ya miaka michache linapita. Zamani liliitwa gari la mumiani, lilinyonya damu. Bibi yangu alilikimbia enzi za Mwingereza. Siku hizi ni Noah yenye vioo vyeusi. Utekaji wa kweli upo, na mapema mwaka 2019 watoto kadhaa waliopotea Njombe walikutwa wameuawa, kwa hiyo simcheki mzazi mwenye hofu.

Ninachokataa ni kumvamia mgeni kwa sababu alimpa mtoto pipi. Kama unamshuku mtu, andika namba ya gari, mwite mwenyekiti, mzuieni bila kumpiga. Mtu aliyeuawa na umati hawezi kusema mtoto yuko wapi.

## Kutangaza

12. Nisambaze picha WhatsApp?

Ndiyo, ila baada ya kuripoti, na kwa mpangilio. Picha moja iliyo wazi, jina, umri, nguo, mahali na saa aliyoonekana mwisho, *tarehe*, RB, na namba moja ya simu. Tarehe watu huisahau, na matokeo yake nimeletewa tangazo la mtoto aliyekwisha kurudi na sasa yuko kidato cha pili. Alama moja ya mwilini usiitangaze. Ibaki siri yenu na polisi. Faida yake utaiona kwenye swali la 13.

Usiandike kwamba fulani kamwiba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na ukikosea utageuka mshtakiwa huku mwanao bado hajaonekana. Akipatikana, tangaza kwamba kapatikana na futa picha. Ana maisha ya kuishi baadaye.

Vijana huniuliza mbona hatuna ule mfumo wa Marekani, simu zote kulia kwa pamoja. Ule, Amber Alert, ulianza mwaka 1996 baada ya mtoto wa miaka tisa, Amber Hagerman, kutekwa na kuuawa Texas. Majirani walijiuliza kwa nini redio isitangaze utekaji kama inavyotangaza dhoruba. Redio tunazo. Redio Kwizera ya Ngara, inayosikika mpaka Kibondo na Kasulu, ilianza mwaka 1995 katikati ya wimbi la wakimbizi. Nenda studio na RB yako, omba wasome tangazo kwa Kiswahili na, wakikubali, kwa Kiha.

13. Kuna mtu kapiga, anasema yuko na mtoto, anataka nauli.

Usitume. Sema: "Ahsante sana ndugu yangu, naomba niongee naye." Akileta sababu, muulize ile alama uliyoificha. Mtu mwema atakubali kumpeleka mtoto kituo cha polisi kilicho karibu naye, na nauli itajulikana hapo. Tapeli atakasirika. Namba yake ipeleke polisi hata kama ni tapeli.

14. Ndugu wanasema twende kwa mganga.

Sitakuzuia kuomba dua. Lakini mpiga ramli atakutajia jirani, kwa kawaida bibi kizee mwenye macho mekundu, na kesho yake una msiba wa pili mtaani. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 kwa sababu ya damu hizo. Fedha ya mganga inatosha nauli ya kwenda Kaliua na kurudi.

15. Nimeokota mtoto asiyejua kwao. Nikae naye?

Usiku mmoja bila kumjulisha mtu tayari ni mwingi. Mpeleke kwa mwenyekiti, muende pamoja polisi, na afisa ustawi wa jamii aarifiwe. Ustawi wanaweza kumweka kwa mlezi wa kuaminika aliyeandikishwa, na ukipenda unaweza kuomba uwe wewe, lakini kwa njia hiyo.

Muulize maswali ya mtoto. "Baba anaitwa nani?" atakujibu "Baba". Muulize wanamuitaje mama yake wakija wageni, mwalimu wake anaitwaje, wanachota maji wapi, anasikia honi ya meli au ya treni. Kuna mtoto aliyeshushwa Tabora akawa anasema kwao ni Mwanga. Wasamaria wakaanza kuwasiliana na Mwanga ya Kilimanjaro, wiki mbili. Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyemuuliza wanakula samaki gani nyumbani. Akasema migebuka. Basi, ni Mwanga yetu, hapa Kigoma mjini.

## Ng'ambo na kambini

16. Nasikia yuko Burundi au Kongo. Nivuke nikamfuate?

Usivuke peke yako na kwa siri, utapotea wewe. Ripoti huku kwanza, polisi wa huku wawasiliane na wa kule. Sambamba na hilo nenda Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Wao na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita, uhamiaji au maafa. Haitozwi. Wana fomu ya kutafuta na ujumbe mfupi wa kifamilia unaobebwa mpaka kwa mhusika. Hawatakupa anwani ya mtu bila ridhaa yake, na habari zako hawazitumii kwa kazi ya polisi.

17. Sisi ni wakimbizi. Nikiripoti kwamba mtoto alitoka kambini, si nitakamatwa mimi?

Hofu hiyo naielewa; kutoka kambini kunahitaji kibali, na watoto hutoka kwenda kuokota kuni au kulima vibarua bila hicho kibali. Anza kwa kiongozi wako wa kambini na watoa huduma wa ulinzi wa mtoto. Sheria ya Mtoto haichagui uraia.

## Miaka inapopita

18. Umepita mwaka. Polisi wameacha kutafuta?

Pengine askari aliyekuwa na jalada amehamishwa, jambo la kawaida kabisa. Nenda na RB, uliza kwa upole nani analo sasa, na upeleke kitu kipya kila unapokwenda: jina, namba, mtu aliyerudi kutoka Kaliua na maneno. Jalada hushika uhai kwa habari mpya. Mimi huwashauri watu kuweka daftari: tarehe, nani kaulizwa, kasema nini. Baada ya miaka miwili kumbukumbu zenu zitagombana, daftari halitagombana. Na namba ya simu iliyotangazwa isibadilishwe kamwe.

19. Kumepatikana mwili au mifupa. Tutajuaje kama ni wake?

Msikabidhiwe kwa kukisia nguo. Mwili hupelekwa hospitali, kwa hapa mjini ni Maweni, na kama sura haitambuliki, polisi wanaweza kuomba uchunguzi wa vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Shughuli hiyo inaongozwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, kwa hiyo huendi mwenyewe na unywele kwenye bahasha. Mamlaka ndiyo inayopeleka sampuli. Mama mzazi akiwepo atachukuliwa yake. Majibu huchukua muda, na muda huo ni mgumu kuliko msiba.

20. Tuweke matanga?

Sina jibu la kiofisi. Ninachojua ni kwamba mama na baba mara nyingi hawako mahali pamoja: baba anataka turubai lifungwe watu wapumzike, mama bado anaacha sahani moja kabatini. Msimlazimishe. Waislamu wamwone sheikh, maana fikihi ina mlango wake wa aliyepotea, na Wakristo wamwone padri au mchungaji. Sala ya kumwombea mtu inaweza kusaliwa bila kumtangaza kuwa amekufa. Kisheria, kifo cha mtu asiyeonekana ni jambo la mahakama, siyo la kikao cha ukoo.

21. Mnazungumzia watoto tu. Mtu mzima je?

Taratibu za mwanzo ni zilezile, ila mtu mzima ana haki ya kuondoka bila kuaga, na polisi watauliza hilo. Wapo pia waliotoweka kwa namna isiyofanana na kuondoka. Mkoa huu unamkumbuka Simon Kanguye, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kibondo, aliyetoweka Julai 2017. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 21 mwaka huohuo. Kama unaamini ndugu yako anashikiliwa mahali, tafuta wakili uombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Ipo kanda hapahapa Kigoma. Asiye na fedha ya wakili aulizie wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake.

22. Mimi ndiye niliyepotea. Nilikuwa mdogo, sasa ni mtu mzima, natafuta kwetu.

Swali hili lilikuwa nadra, siku hizi linakuja kila mwaka. Wapo waliovushwa ziwa mwaka 1996 vita ilipowaka Kongo, wakaingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watu wasio wao. Wapo wa 1972, watoto wa Burundi waliokulia Ulyankulu, Tabora, wengine wakapewa uraia mwaka 2014 kwa majina ambayo si yale waliyozaliwa nayo. Na wapo wa kwetu wenyewe, waliopanda behewa wakiwa na miaka sita.

Usianze na jina, kwa sababu huenda lilibadilishwa. Anza na vitu. Kaa mahali patulivu na mtu wa kukuandikia, useme chochote kinachokuja: mwembe uliokuwa na shimo, daraja la magogo, mgomba wa nyuma ya jiko, jina la mbwa, wimbo wa kubembelezea mtoto na maneno yake hata kama huyaelewi. Maneno ya wimbo mwimbie mzee wa Kiha, kisha wa Kirundi, kisha wa Kibembe cha Kongo. Atakayecheka au kulia amekuonyesha upande. Ukishaupata upande, fomu ya swali la 16 inajazwa, na daftari la swali la 18 linaanza, safari hii unaliandika mwenyewe.